Samaki Hashiki Mizani

Siku hizi nasikia watu wakisema, “Samaki huyu anapima kilo tatu.” Ajabu! Anampima nani? Chanzo ni kitenzi cha Kiingereza, “weigh”, chenye maana mbili: kupima, na kuwa na uzito. Sisi twazitenga. Mchuuzi hupima, samaki ana uzito. Na tofauti hii si ndogo, maana apimaye ndiye mwenye dhima. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, yawaonya wanaopunja wenzao mizanini, wala haimtaji samaki.

Asili ya kitenzi hicho cha Waingereza ni kubeba na kuinua, ndiyo maana wao husema “weigh anchor”. Mfasiri akituandikia “wakapima nanga”, mabaharia wa Lamu watamcheka. Wao hung'oa nanga.