Hata Mutuka Kuna Mifupa

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Hivi nani alituambia kwamba eksirei ni kitu cha hospitali kubwa tu? Kijana wa bodaboda akianguka huku kwetu Mutuka, au kata nyingine yoyote ya Babati, kituo cha karibu kikiwa hakina mashine kinachofuata ni kutafuta usafiri akapigwe picha mbali. Hana nauli? Anapelekwa kwa mzee wa kuunga mifupa, anafungwa vijiti na kukandwa. Wazee hawa siwabezi, wamesaidia wengi. Lakini hakuna mkono unaoona ndani ya mwili. Mfupa ukiunga upande, kazi ya bodaboda ndiyo basi, na waliokuwa wanamtegemea watajiju.

Ukiwauliza wakubwa, jibu ni lile lile: mashine ni ghali. Jamani, hilo lilikuwa jibu la enzi za filamu! Mashine ya filamu ilitaka chumba cha giza, dawa za kusafishia picha, maji, na filamu zenyewe. Kimoja kikiisha, mashine inageuka pambo. Picha ikiharibika inarudiwa, mgonjwa anaongezewa mionzi.

Siku hizi kuna bamba la kidijitali linalokaa mahali pa filamu, na picha inatokea kwenye kompyuta kwa sekunde chache. Mara nyingi mashine ya zamani ambayo bado ni nzima inafungiwa bamba hilo bila kununua mtambo mzima. Programu ya kutunza picha nayo ipo ya bure: Orthanc, iliyoanzia Liège, Ubelgiji. Zipo pia mashine za kubebeka zinazotumia betri. Na kama hakuna bingwa wa kusoma picha, inatumwa kwa intaneti kwa aliyeko Arusha au Dar es Salaam.

Kwa hiyo bei peke yake si kisingizio tena. Tatizo ni jinsi tunavyonunua. Mwaka 2007 tulianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Lengo zuri sana. Lakini jengo si huduma! Jengo linakatiwa utepe, kamera zinapiga picha, waheshimiwa wanaondoka na mashangingi yao. Nani amewahi kukata utepe wa mkataba wa matengenezo?

Nasema hivi: anayetuletea mashine, iwe serikali, mfadhili au mfanyabiashara, alete na fundi, vipuri, umeme wa akiba na mshahara wa mtaalamu wa mionzi. Chumba kijengwe kwa kinga, na kibali kitoke Tume ya Nguvu za Atomiki kama inavyotaka Sheria ya mwaka 2003. Mashine ya bei nafuu isiyo na hivyo vyote ni chuma chakavu cha kesho.

Na nyie wenye vikliniki vya mgongo mnaoanza kuota mijini, nanyi nina neno lenu. Mashine nafuu isiwe leseni ya kumpiga picha kila anayeingia ameshika kiuno. Maumivu mengi ya mgongo yasiyo na dalili za hatari hayahitaji eksirei, hupungua yenyewe kwa muda na mazoezi. Mgonjwa aliyeanguka, mwenye homa, aliyekonda bila sababu au mwenye ganzi miguuni, huyo achunguzwe haraka. Kurudisha hela ya mashine kwa mionzi ya watu ni wizi.

Wilhelm Röntgen aligundua miale hii Ujerumani mwaka 1895 na akakataa kuiwekea hataza, ili kila mtu anufaike. Zaidi ya miaka 120 imepita, na bado kuna Mtanzania anayekuwa kilema kwa kukosa nauli ya kwenda kupigwa picha. Hapo tumlaumu nani, Röntgen?

Naomba kuwasilisha.