Jiko la Mpangaji

Nianze kwa kutaja wazi ninalolipinga. Napinga tabia ya mwenye nyumba kubomoa jiko zima la zamani na kuliita hilo ukarabati, huku bomba linalovuja ndani ya ukuta likiachwa kama lilivyo. Huko si kukarabati. Ni kumpaka poda mgonjwa wa homa.

Mwaka 2022 nilikaa miezi kadhaa San Diego, katika jimbo la California, kwa binti yangu na mume wake. Wana nyumba ya kupangisha yenye makazi mawili, na siku moja mkwe wangu alinichukua kwenda kuiona. Jiko la chini lilikuwa la mtindo wa Kihispania: kuta za lipu nyeupe, tao juu ya dirisha, vigae vya buluu na manjano kuzunguka sinki, na sakafu ya vigae vya udongo wa kuchoma. Mtindo huo ulienea sana huko baada ya maonyesho makubwa yaliyofanyika Balboa Park mwaka 1915. Viwanda vya vigae vikazuka. Kimoja, Malibu Potteries, kilifanya kazi kuanzia 1926 hadi 1932 tu. Hata neno la Kihispania la vigae hivyo, azulejo, asili yake ni Kiarabu, kama yalivyo maneno yetu mengi.

Mkwe wangu alitaka kuvunja vyote, aweke mawe meupe na makabati ya kijivu. "Baba," aliniambia, "hii ni nyumba ya biashara. Wapangaji wanataka vitu vya kisasa."

Nilimwuliza mpangaji mwenyewe, mama wa umri wangu. Hakulalamikia kigae hata kimoja. Alifungua kabati chini ya sinki akanionyesha beseni. Alikuwa akimwaga maji yake kila asubuhi.

Msomaji, litazame beseni hilo. Mabomba ya chuma ya miaka ile hupata kutu kwa ndani, njia ya maji ikasinyaa, mwisho yakatoboka. Nyaya za umeme nazo huchakaa. Hivyo ndivyo vya kubadilishwa, na fundi mzuri huvifikia kwa kuondoa vigae vichache tu. Kuvunja vyote kwa pupa kuna hatari yake: rangi za nyumba zilizojengwa kabla ya 1978, na ung'avu wa vigae vingi vya kale, huweza kuwa na risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Kwa nini basi watu huanzia kwenye kisichoumwa? Kwa sababu bomba jipya halionekani kwenye picha. Na kuna sababu nyingine isiyosemwa kwa sauti. Tangu 2020, sheria ya California imeweka ukomo wa kupandisha kodi katika nyumba nyingi za zamani: asilimia 5 pamoja na ongezeko la gharama za maisha, bila kuzidi 10 kwa mwaka. Lakini mpangaji akihama, sheria hiyo humwachia mwenye nyumba kumpangia mgeni kodi aitakayo. Hapo ndipo "ukarabati mkubwa" unapokuwa mtamu. Tangu Aprili 2024 sheria imekazwa: anayemtoa mtu kwa sababu hiyo lazima aonyeshe vibali vya kazi, na kupaka rangi au kupamba tu hakuhesabiwi. Sheria haikazwi pasipo na waliokuwa wakiichezea.

Nitaambiwa kwamba mali ni ya mwenyewe. Ni kweli. Lakini jiko ni la anayepika. Nilipokuwa mwalimu mkuu, dawati likivunjika mguu tuliunga mguu. Hatukulichoma moto ili tununue jingine na kuwaongezea wazazi mchango.

Nilimwambia mkwe wangu hayo mezani, mbele ya binti yangu, naye alinuna siku mbili. Siku ya tatu alimleta fundi bomba. Vigae sita vilitolewa, vitano vikarudi vizima. Cha sita kilivunjika, pakawekwa cheupe. Hakifanani na wenzake. Lakini beseni limerudi kufulia nguo, na yule mama hakuhama.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wapo leo wanaojenga ukuta na kuuacha ufa.