Taa Ihukumiwe na Anayekutana Nayo

Kila taa ina watu wawili: mtu aliyeishika na mtu anayekutana nayo. Wa kwanza huisifu kwa kuwa humwonyesha njia. Wa pili huweza kuilaani kwa kuwa humtia kiwi machoni. Nuru ni ile ile, lakini hukumu ni mbili. Mtu wa haki hawezi kusikiliza hukumu moja na kuitupa ya pili. Walakini hivyo ndivyo taa mpya za magari zinavyopimwa sokoni siku hizi. Anayeulizwa ni mnunuzi aliyeketi nyuma ya usukani. Yule atokaye mbele yake gizani, awe dereva mwenziwe, mpanda baiskeli au mwenda kwa miguu, haulizwi neno. Desturi hiyo ni mbaya, na nia ya makala haya ni kuipinga.

Shida yenyewe ni ya siku nyingi. Dereva wa usiku ana mianga miwili, mrefu na mfupi. Mwanga mrefu humwonyesha mbali, lakini huwapofusha wanaomkabili. Mwanga mfupi huwastahi wengine, lakini humnyima yeye sehemu kubwa ya njia. Gari liendalo kilomita 90 kwa saa hukata mita 25 kila sekunde. Dereva akikiona kizuizi mita 60 mbele yake, amebakiwa na muda usiotimia sekunde 3 wa kuona, kuamua na kusimama. Basi dereva huyo hupaswa kuchagua kati ya usalama wake na usalama wa mwenziwe, na kuchagua huko hurudiwa mara nyingi katika safari moja.

Wahandisi wamejitahidi kumwondolea uchaguzi huo. Katika mwaka wa 1948 gari la Preston Tucker, huko Marekani, lilikuwa na taa ya tatu katikati iliyogeuka pamoja na usukani. Mwaka 1952 kampuni ya General Motors ilitoa kifaa kilichoitwa Autronic Eye, yaani jicho la umeme lililoona taa za gari linalokuja na kupunguza mwanga lenyewe. Mwaka 1967 Citroën ya Ufaransa iliiuza DS yake ikiwa na taa zilizofuata kona. Kila hatua ilikuwa ya werevu, lakini bado mwanga ulikuwa kipande kimoja: ama umewaka, ama umepunguzwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2013, Audi ya Ujerumani ilipoiwekea A8 taa ambayo mwanga wake mrefu uligawanywa katika vitaa 25 kila upande. Kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele huangalia barabara; ikiona gari, kompyuta huzima vile vitaa vinavyolielekea tu, na vingine huendelea kuwaka. Gari linalokuja hupita ndani ya kivuli kilichokatwa kwa ajili yake, na pande zote mbili za kivuli hicho njia hubaki nyeupe. Tangu hapo mbio zilianza. Mwaka 2016 Mercedes-Benz ilifikisha vitaa 84 katika kila taa. Mwaka 2018 ikatoa taa yenye vioo vidogo mno, zaidi ya milioni 1 kila upande, ambavyo kila kimoja huweza kugeuzwa peke yake ili kutupa nuru barabarani au kuizuia. Mwishoni mwa mwaka 2022 Porsche ikatangaza taa yenye chembe za nuru zaidi ya 32,000. Chembe hizo wataalamu huziita pikseli, jina lile lile litumikalo kwa nukta za picha katika kioo cha simu.

Hatusemi kwamba kazi hii ni bure. Asiyeona faida yake ni mkaidi. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2019 na kuona kwamba taa za namna hii zilizouzwa Ulaya ziliweza kuangaza barabara, gari jingine likiwapo mbele, hata kwa asilimia 86 zaidi ya mwanga mfupi wa magari ya Marekani. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Ugomvi wetu si na taa. Ugomvi wetu ni na kipimo. Wauzaji wamewafundisha watu kwamba taa ya chembe 32,000 ni bora kuliko ya chembe 84, na ya milioni 1 ni bora kuliko zote, kama kwamba nuru ni mahindi, huhesabiwa kwa punje. Waama mgema akisifiwa tembo hulitia maji: mtengenezaji akisifiwa kwa hesabu, atatupa hesabu, na yaliyo ya maana zaidi yatasahauliwa.

Tupime dai hilo kwa hesabu ya shuleni. Chembe yenye upana wa digrii 1 hufunika, umbali wa mita 100, upana wa mita 1.75 hivi, nao ni karibu sawa na upana wa gari dogo. Tukiigawa chembe hiyo mara kumi, kila sehemu itafunika sentimita 17 au 18. Hiyo ni faida ya kweli, kwa kuwa kivuli kitakatwa kikaribiane na umbo la gari, na nuru kidogo itapotea. Lakini tuendelee. Magari mawili yakabiliane, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa. Yatakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Tuseme kamera na kompyuta zimechelewa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Katika muda huo yamekwisha karibiana kwa mita 4 na nusu hivi. Ikiwa kati yao palikuwa na mita 30, na njia zao zimetengana kwa mita 3 na nusu, basi mahali pa gari la pili, likitazamwa kutoka taa ya gari la kwanza, pamehama kwa zaidi ya digrii 1. Chembe ya sehemu moja ya kumi ya digrii itafaa nini, ikiwa kivuli kizima kimeachwa nyuma kwa digrii nzima?

Wahandisi watajibu kwamba wanalijua jambo hilo. Kwamba huzidisha upana wa kivuli, na kompyuta hubashiri mwendo wa gari kabla halijafika. Jibu hilo ni jema, na sisi twalikubali. Lakini linatupa ushindi, kwani sasa sifa si ya wingi wa chembe tena: ni ya wepesi wa kamera na usahihi wa ubashiri. Mbona basi hatuambiwi wepesi huo dukani? Mbona tangazo halitaji muda ambao taa huchelewa, hali hutaja idadi ya chembe kwa herufi kubwa?

Tena kuna jambo lililo sahili zaidi. Taa ikiinuka kwa digrii 1, kwa sababu imefungwa vibaya au kwa sababu nyuma ya gari pana mzigo mzito, mwanga wake huinuka mita 1.75 umbali wa mita 100. Nuru iliyokuwa ikiangukia miguu sasa inaangukia macho. Kosa dogo hilo, ambalo fundi wa gereji huweza kulitengeneza kwa bisibisi, huweza kuharibu kazi ya vioo milioni. Taa ya bei rahisi iliyolengwa sawasawa ni jirani mwema kuliko taa ya fahari iliyokwenda upande.

Na vipi kuhusu wale wasio na taa? Kamera za mifumo mingi hulitambua gari jingine kwa taa zake, za mbele au za nyuma. Lakini mwenda kwa miguu hana taa. Msukuma mkokoteni hana taa. Baiskeli nyingi za vijijini hazina taa. Mfumo uliofundishwa kuheshimu nuru tu humheshimu mwenye nuru na kumdharau aliye gizani. Ni kweli kwamba mifumo mingine mipya huweza kumtambua mtu, hata kumwangazia ili dereva amwone mapema, na hiyo ndiyo maendeleo yastahiliyo kutangazwa. Lakini wauzaji wengine hupenda zaidi kutuonyesha taa zao zikichora mishale barabarani na kucheza picha za salamu ukutani mwenye gari anaporudi nyumbani. Je, anayevuka barabara usiku akiwa na mtoto mgongoni atanufaika nini na picha za ukutani?

Kipimo cha haki kipo, wala hakihitaji kubuniwa. Mwaka 2016 taasisi ya Marekani iitwayo IIHS, inayogharimiwa na kampuni za bima, ilianza kuzipa taa alama baada ya kuyaendesha magari usiku katika njia ya majaribio. Haikuhesabu vitaa. Ilipima nuru inafika mbali kiasi gani katika njia iliyonyoka na katika kona za kushoto na kulia, na ikapima pia kiwi kinachompata dereva anayekuja. Katika magari 31 ya ukubwa wa kati yaliyopimwa kwanza, ni moja tu lililopata alama ya juu. Gari hilo lilikuwa Toyota Prius v, gari la familia, wala si gari la fahari. Baadaye, mwaka 2021, taasisi hiyo ilieleza kwamba magari yenye taa za alama ya juu yalipata ajali za usiku zisizohusisha gari jingine kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 19 kuliko yale yenye taa za alama ya chini kabisa. Hayo ndiyo matunda ya kupima kazi ya taa badala ya sifa zake.

Sheria nayo imeonyesha njia. Toyota iliiomba serikali ya Marekani mwaka 2013 iziruhusu taa hizi. Ruhusa ilitoka Februari 2022, nayo ilikuja na masharti. Nuru inayolifikia gari linalokuja hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Umbali wa mita 120 hadi 220 isizidi luksi 0.3, mita 60 hadi chini ya 120 isizidi 0.6, mita 30 hadi chini ya 60 isizidi 1.8, na mita 15 hadi chini ya 30 isizidi 3.1. Tazama, msomaji, maana ya tarakimu hizo. Kipimo hakikuwekwa penye taa; kimewekwa mahali pa macho ya mtu wa pili. Sheria haikuuliza taa ina chembe ngapi, bali imeuliza imemtendea nini aliyekutana nayo. Wapo watengenezaji walionung'unika kwamba masharti hayo ni magumu na yanatofautiana na yale ya Ulaya. Huenda wana haki juu ya jambo hili au lile. Lakini katika msingi wake sheria imesimama mahali pa haki.

Mambo haya si ya nchi za mbali peke yake. Magari mengi yanayoingia Kenya yamekwisha tumika kwingine, na gari huruhusiwa kuingia mradi umri wake usizidi miaka 8. Kwa hiyo taa inayosifiwa leo Ujerumani au Japani ikiwa mpya huweza kutufikia ikiwa mtumba: kifuniko chake cha plastiki kimefifia kwa jua, kioo cha mbele kimekwisha badilishwa, na kamera haikulengwa upya. Kundi kubwa kuliko yote la watu wanaouawa katika barabara zetu ni la waendao kwa miguu. Basi kwetu sisi swali la taa hizi si taa ikoje siku ya kwanza dukani, bali itakuwaje katika mwaka wa kumi, juu ya barabara ya vumbi, mkononi mwa fundi asiye na mtambo wa kuilenga. Kamera ikichafuka, je, taa itarudi yenyewe katika mwanga mfupi, au itabaki imekodoa macho? Taa ikivunjika, je, kipande kimoja hubadilishwa, au sanduku zima hutupwa? Mtengenezaji asiyeweza kuyajibu maswali haya hajamaliza kazi yake, hata akitupa chembe milioni 10.

Ninyi vijana mnaosoma fizikia na hesabu leo, baadhi yenu mtakuwa wahandisi, wengine wakaguzi wa magari, wengine watunga sheria, na wengi mtakuwa wanunuzi. Mkiletewa taa ya ajabu, msiulize kwanza ina chembe ngapi. Iwasheni usiku, kisha shukeni garini, mtembee mita 100 mbele yake, mgeuke na kuitazama. Mwambieni mwenzenu aje kwa baiskeli isiyo na taa. Pakieni mzigo nyuma ya gari, mtazame tena. Ipakeni kamera tope, mtazame tena. Ikiwa mnaweza kusimama hapo na bado mkaiona njia iliyo miguuni penu, taa hiyo ni njema, iwe ya chembe 84 au ya milioni. Ikiwa hamwoni kitu ila weupe, basi ni taa mbaya, na bei yake kubwa ni nyongeza ya ubaya wake. Barabara ni mali ya watu wote, na nuru inayomwaga faida kwa mmoja na giza kwa mwingine haijawa bado nuru ya kutosha.