Mficha Maradhi

Watu wawili ninaowaheshimu wamenionya nisiyaandike haya. Wa kwanza aliniambia, "Mwalimu, mambo ya chumbani yana pazia lake." Wa pili, mzee mwenzangu wa barazani, alicheka tu, akauliza mtu mwenye wajukuu wanne anatafuta nini tena. Sikumjibu mmoja wao siku ile. Nawajibu leo.

Maradhi niliyoyapata ni ya kupinda kwa uume. Si ya zinaa, si saratani, wala si ya kurogwa. Ndani ya uume mna mirija miwili ya nyama laini ambayo hujaa damu, nayo imezungukwa na utando mgumu. Utando huo ukipata kovu, pale penye kovu hautanuki tena. Basi uume unaposimama huvutwa upande huo, ukapinda, ukafupika, na mara nyingine ukauma. Mfaransa François Gigot de La Peyronie, daktari mpasuaji wa Mfalme Louis wa 15, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1743, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Yaani waganga wanayajua kwa zaidi ya miaka 280, nami nilidhani ndiye binadamu wa kwanza kupatwa nayo! Hilo ndilo tunda la kunyamaza: kila mgonjwa hujiona yuko peke yake.

Nilinyamaza miaka miwili. Nilihamia sebuleni kulala, nikisingizia joto. Nilikunywa mkuyati, nikachuliwa kwa mafuta, nikamlipa mtu aliyeniambia kwamba nimefungwa na adui. Kisukari changu, ambacho ndicho kilichohitaji kutazamwa, nikakiacha kikapanda kitakavyo. Na mke wangu je? Alidhani nina mwanamke nje. Usiku mmoja alikuja akasimama mlangoni pa sebule, akasema, "Baba Zuhura, kama umenichoka niambie mwenyewe. Usiniache nikijijibu." Hapo ndipo nilipoona kuwa nilichokiita heshima kilikuwa ukatili.

Tulikwenda kwa daktari pamoja. Alinieleza kwamba si kila mwenye maradhi haya hupasuliwa. Wengine upinde wao ni mdogo na unyumba hauzuiliki. Wengine hungojewa mpaka kovu litulie, kisha hunyooshwa kwa kushonwa. Lakini kwangu kupinda kulikutana na kisukari, na uume haukuwa na nguvu ya kusimama hata ungenyooshwa. Dawa iliyobaki ilikuwa kupandikizwa kifaa. Nikauza kiwanja, nikaenda India mwaka 2019.

Kifaa chenyewe si cha jana; cha aina hiyo ya kujazwa maji kilianza kutumika Marekani mwaka 1973. Ni mirija miwili inayotiwa ndani ya uume, mfuko mdogo wa maji ya chumvi unaofichwa chini ya tumbo, na pampu inayokaa katika pumbu. Ukiibinya pampu, maji hupanda mirijani. Ukimaliza, unabonyeza sehemu yake nyingine na maji yanarudi. Kwa nje hakuna kinachoonekana.

Sitaki kumdanganya mtu, maana waongo katika jambo hili wametosha. Kabla sijatia sahihi niliambiwa kwamba urefu uliopotea haurudi. Kwamba baada ya kupandikizwa, kusimama kwa asili hakutarajiwi tena. Kwamba vijidudu vikiingia kifaa huenda kikatolewa, na mwenye kisukari ajihadhari zaidi. Na kwamba kifaa ni chombo, huchakaa. Yote hayo nilisikia, nikatia sahihi kwa mkono unaotetemeka.

Niliamka kutoka nusukaputi nikiwa na mpira wa mkojo na pumbu zimevimba kama dafu. Wiki ya kwanza nilitembea miguu nimeitanua kama mtoto aliyetoka jandoni. Kwa muda wa wiki 6 hatukuruhusiwa tendo la ndoa. Siku niliyofundishwa kubinya pampu niliumia mpaka machozi yakanitoka. Nilijitazama nikaona si yule wa zamani, nikahuzunika kweli. Huzuni hiyo nayo ni sehemu ya kupona, na hakuna aliyenitayarisha kwayo isipokuwa mke wangu, aliyesema, "Mimi sikuolewa na rula." Tulicheka wote wawili, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kucheka pamoja baada ya muda mrefu.

Sasa majibu yangu. Wewe unayesema chumba kina pazia, umesema kweli. Lakini pazia huwekwa kuzuia macho ya mpita njia. Halikuwekwa kumzuia daktari, wala mke asijue mumewe anaumwa nini. Haya ni pambo la mtu. Aibu ni kamba shingoni mwake. Tumezichanganya mbili hizi, na wauza mizizi wanatajirika kwa kosa letu.

Nawe mzee mwenzangu, unauliza natafuta nini. Ujana siutafuti, umekwenda zake. Nilitafuta njia ya kutoka sebuleni kurudi chumbani mwangu. Ningevunjika mguu ungenichangia nauli ya hospitali bila kuuliza umri wangu. Kwa nini kiungo hiki kiwe cha kuchekwa?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilikuwa bado, lakini ndoa ya miaka 34 ilikuwa imekwisha kuchimbiwa kaburi, na mchimbaji nilikuwa mimi. Kama yupo msomaji anayelala sebuleni usiku huu kwa kisingizio cha joto, namwomba aamke, agonge mlango wa chumba chake, aseme.