Kocha wa Mabeki Naye ni Mwalimu

Wanachuo wengi tukisikia benchi la ufundi tunawajua kocha mkuu, kocha wa makipa na kocha wa viungo. Leo nawaletea mwingine, tena kutoka mchezo usio na uwanja hapa kwetu: kocha wa mabeki wa lakrosi ya wanawake katika vyuo vikuu vya Marekani. Mnivumilie kidogo. Safari ya kazi yake inatuhusu sana, hasa sisi tunaosomea ualimu.

Lakrosi huchezwa kwa fimbo yenye kifuko cha wavu kwenye ncha. Mpira mdogo mgumu unadakwa, unabebwa na kurushwa golini kwa fimbo hiyo hiyo. Wenye mchezo ni watu wa asili wa Amerika Kaskazini, wakiwemo Wahaudenosaunee. Ule wa wanawake, kwa sura yake ya kisasa, ulianza Scotland mwaka 1890, kwenye shule ya wasichana ya St Leonards. Timu inaingiza uwanjani wachezaji 12, kipa akiwemo.

Sasa mtazame beki. Wanaume wanaruhusiwa kugongana miili, yeye hapana. Anaweza kuigonga fimbo ya mpinzani, lakini si karibu na kichwa. Mbele ya goli kuna eneo la mita 8, na humo haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3 kama hajamkaba mtu kwa umbali wa fimbo. Hawezi pia kusimama tu katikati ya mpigaji na goli, kwa sababu mpira ule unaweza kumuumiza vibaya. Akifanya kosa kubwa ndani ya eneo hilo, mshambuliaji anapewa nafasi ya kwenda golini akiwa huru.

Waliocheza netiboli wataelewa haraka: unamzuia mtu usiyeruhusiwa kumsukuma. Kinachobaki ni miguu, macho na mdomo. Unamsoma mpinzani anaelekea upande gani, unamsogeza pembeni, huku unamwita mwenzako aje kuziba. Hayo mtu hazaliwi nayo. Anafundishwa, anarudia, anaonyeshwa kwenye video pale alipochelewa hatua moja, anarudia tena. Kwa lugha ya kitivo chetu, hilo ni somo kamili: lina malengo, mazoezi, tathmini na marudio.

Shida ni kwamba matunda ya somo hilo hayaonekani. Karatasi ya takwimu ina safu ya magoli, ya pasi za magoli, ya mipira iliyookotwa, ya mipira iliyoporwa. Beki aliyemfanya mshambuliaji akate tamaa na kurudisha mpira nyuma hana safu yake. Na kama beki mwenyewe haonekani, je, aliyemfundisha?

Njia ya kocha huyo kwa kawaida inaanza uwanjani. Anacheza chuoni miaka minne, kisha anabaki kama msaidizi, mara nyingi huku akisoma shahada ya uzamili. Baadaye anaajiriwa, anakabidhiwa safu ya ulinzi, anazunguka mashindano ya shule kutafuta wachezaji wapya. Wachache wanafika kuwa makocha wakuu. Na ngazi za chini zilikuwa na maumivu yake: hadi katikati ya 2023, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo huko, zilikuwa na cheo cha “kocha wa kujitolea” katika Daraja la Kwanza. Jasho lipo, mshahara hakuna. Julai 2023 cheo hicho kikafutwa. Kanuni mpya haikumlazimisha mtu kulipa, lakini angalau iliondoa kisingizio.

Nani anafaidika ngazi hizo zikitunzwa? Chukua Chuo Kikuu cha Maryland. Cindy Timchal alifundisha pale tangu 1991 hadi 2006 na kutwaa mataji 8 ya taifa. Cathy Reese alicheza chini yake, akawa msaidizi wake, akaenda Denver kuwa kocha mkuu, halafu akarudi Maryland kushika nafasi ya mwalimu wake. Hadi 2019 alishabeba mataji 5 akiwa kocha mkuu. Kelly Amonte Hiller naye alicheza kwa Timchal, akapitia usaidizi, kisha akaijenga upya timu ya Northwestern, iliyotwaa mataji 7 kati ya 2005 na 2012. Hiyo ni familia ya walimu, na wawili hao walianza kwa kukaa pembeni ya kocha mwingine.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Timu za wasichana zikaongezeka sana, fedha zikaja. Wakati ule zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Leo ni chini ya nusu. Mshahara ulipoingia, wanaume nao waliingia. Lakrosi ni miongoni mwa michezo ambayo wanawake bado ndio makocha wengi, na mimi naamini sababu mojawapo ni ule mnyororo: mchezaji anakuwa msaidizi, msaidizi anakuwa kocha, naye anamvuta mwingine.

Turudi nyumbani. Darasani kwetu wapo dada waliocheza UMISSETA hadi taifa. Wanajua kukaba, wanajua kufundisha, tena wanasomea kufundisha. Tukiwa na mechi wanaitwa “kusaidia kidogo” timu za wasichana, jioni tatu kwa wiki, nauli yao, maji yao. Timu ikishinda, kocha mkuu anapiga picha na kombe. Wakimaliza chuo, hawana hata barua ya kuonyesha walifanya kazi hiyo.

Najua jibu: Marekani wana hela, sisi tunasubiri boom. Sawa, lakini sijaomba uwanja wa nyasi bandia. Naomba serikali ya wanafunzi itenge katika fungu la michezo posho ya makocha wasaidizi wawili wa timu za wanawake, wanachuo, wenye majukumu yaliyoandikwa, na barua ya utumishi mwisho wa mwaka. Kitivo cha Elimu nacho kiikubali kazi hiyo kama sehemu ya uzoefu wa kufundisha. Gharama yake haifiki jezi mpya tunazonunua kila msimu.

Bajeti inajadiliwa muhula huu. Wabunge wetu wa kitivo, tunawasubiri mtaje kifungu hicho kwa jina.