Umejuaje?

Mtoto anayemaliza shule ya msingi Tanzania anajua mengi ya sayansi. Anajua kwamba malaria huenezwa na mbu jike aina ya anofelesi, kwamba mimea hujitengenezea chakula kwa usanisinuru, na kwamba dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na robo. Mwulize amejuaje, naye atasema mwalimu alifundisha, au kitabuni imeandikwa. Hakuna sababu ya kumcheka, maana wengi wetu watu wazima tungejibu vivyo hivyo. Hata hivyo jibu hilo linafichua upungufu wa somo lenyewe. Waandishi wa toleo hili, linalohusu sayansi tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, hawakubaliani katika mambo yote, na ni vizuri hivyo. Hoja yangu kama mhariri ni moja: tunawapa watoto majibu ya sayansi na kuwanyima njia iliyoyaleta, na mahali pa kuanza kurekebisha ni karatasi ya mtihani.

Tuitazame malaria yenyewe. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, madaktari waliosoma sana waliamini kwamba homa hiyo huletwa na hewa chafu ya mabwawa. Hawakuwa wajinga, waliona kwamba wanaokaa karibu na mabwawa huugua zaidi, na waliona sawasawa. Ushahidi huohuo ungeweza kuunga mkono maelezo mawili, hewa au mbu, na kilichohitajika ni uchunguzi wa kuyatenganisha. Mwaka 1897 huko India, daktari Ronald Ross aliwapasua mbu waliokuwa wamemnyonya mgonjwa damu, akakuta vimelea tumboni mwao. Mwaka uliofuata, wanasayansi wa Italia wakaonyesha kwamba anofelesi humwambukiza binadamu. Mwanafunzi aliyefundishwa kisa hiki pamoja na jina la mbu ameondoka na chombo cha kufikiria. Akisikia kwamba homa huletwa na kula maembe, kwa kuwa maembe na homa huja msimu mmoja, atatambua kosa lilelile la walioamini hewa ya mabwawa, na atajua kuuliza ni nini kingine huja na mvua.

Kisa cha pili ni cha kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wa aiskrimu aliouweka kwenye friza ukiwa bado moto ukiganda kabla ya ule uliowekwa ukiwa baridi. Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa amekosea. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, naye akaamua kulipima jambo hilo. Wawili hao walichapisha makala yao mwaka 1969. Kisa hiki husimuliwa kwa fahari, lakini sehemu yake ya maana zaidi huachwa: wataalamu bado wanabishana, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 vilishindwa kuthibitisha kwamba maji moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Hilo halimshushi Mpemba hata kidogo. Thamani ya swali lake ni kwamba lilipimika. Aliyemkatiza na aliyemsikiliza wote walikuwa na shaka. Tofauti yao ni kwamba mmoja alipima.

Pingamizi la kwanza ni la vifaa. Shule nyingi za kata Tanzania zimejengewa maabara kwa jasho la wananchi na bado zina upungufu wa kemikali na mafundi. Nchini Kenya, sekondari ya chini ilianza mwaka 2023 ndani ya shule za msingi, nyingi zikiwa hazina maabara kabisa. Ni kweli, na serikali zisiachiliwe. Ila sehemu kubwa ya sayansi ya umri huu inafanyika uwanjani. Fimbo iliyosimikwa wima Dar es Salaam hutupa kivuli cha adhuhuri kuelekea kusini mwezi Juni na kaskazini mwezi Desemba. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita utosini na kivuli hukaribia kutoweka. Darasa likipima kivuli hicho kila wiki, mhimili wa dunia ulioinama unakuwa maelezo ya kitu ambacho watoto wamekiona wenyewe. Kinachohitajika ni fimbo, rula na daftari, hata kwa darasa la wanafunzi 100.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtoto hawezi kugundua upya katika vipindi vichache yale yaliyowachukua wataalamu karne nyingi. Mwaka 2006 watafiti Kirschner, Sweller na Clark walichapisha hoja maarufu kwamba mwanafunzi mchanga akiachwa agundue bila mwongozo hujifunza kidogo kuliko anayeelekezwa. Nakubaliana nao. Sisemi mwalimu anyamaze. Nasema aeleze zaidi, na katika maelezo yake aingize ushahidi. Kisa cha Ross kinasimuliwa na mwalimu, tena kwa dakika kumi tu.

Linabaki suala la mtihani. Watahiniwa wa darasa la saba Tanzania ni zaidi ya milioni moja kila mwaka, na mtihani wa kuchagua jibu husahihishwa haraka na bila upendeleo. Mwalimu anayefundisha kisichotahiniwa hupimwa kwa matokeo yaleyale, hivyo kumlaumu yeye ni uonevu. Lakini swali la kuchagua si lazima lipime kumbukumbu pekee. Mtahini anaweza kuandika hivi: Asha alipanda maharage kwenye makopo mawili, moja akalimwagilia na kuliweka juani, jingine akaliacha kavu kabatini, la kwanza likaota, akahitimisha kwamba mbegu huhitaji mwanga ili ziote, kosa lake ni lipi? Jibu, kwamba alibadilisha mambo mawili kwa pamoja, linaingia vizuri katika herufi A hadi E. Na kwa kuwa kutoa sababu kunadai lugha, wanafunzi wa kidato cha kwanza waliosoma sayansi kwa Kiswahili waruhusiwe kujieleza kwa Kiswahili wakati Kiingereza chao kinakua, maana anayekariri anaweza kujificha nyuma ya maneno asiyoyaelewa, anayetoa hoja hawezi. Mabaraza ya mitihani yakitenga walau robo ya alama kwa maswali ya aina hii, na kutangaza mapema, walimu watabadilisha ufundishaji wao bila kusubiri waraka mwingine.