Mota ikigoma, usiilaumu programu kwanza

Huenda, msomaji, nyumbani kwako yuko kijana ambaye wiki nzima ameinamia meza akiunda kigari cha maonyesho ya sayansi shuleni. Ameunganisha bodi ya Arduino Uno, bodi ya L298N ya kuendeshea mota, mota mbili za manjano na betri. Programu ameandika, taa inawaka, lakini magurudumu hayasongi. Maonyesho ni kesho kutwa. Kabla hajaifuta programu yote, na kabla wewe hujatoa pesa za bodi nyingine, kaeni pamoja na mita ya kupimia umeme.

Anzeni na betri. Wengi hutumia ile ndogo ya mraba ya volti 9, na hapo ndipo hunaswa. Volti inazo, lakini haiwezi kutoa mkondo mkubwa ambao mota huhitaji inapoanza kuzunguka. Pimeni mota ikiwa imezimwa, kisha mkiiwasha. Volti zikiporomoka hadi 5 au 4, mshukiwa mmempata. Maikrokontrola ikinyimwa umeme huzimika na kuanza upya, mara tena na tena, na kigari hushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Isitoshe, L298N ni ya muundo wa zamani. Yenyewe hula takriban volti 2 kabla umeme haujafika kwa mota. Ukitia 6, mota hupata 4 hivi. Betri 6 za AA za kuchajiwa, zikipangwa kwa mfululizo, hutoa volti 7.2 na kazi huiweza.

Betri ikiwa nzuri, tazameni waya wa hasi. Kosa hili liliwahi kunila Jumamosi nzima, nami nilijiona fundi! Ikiwa Arduino ina umeme wake na mota zina wake, ni lazima hasi za pande zote mbili ziunganishwe. Bila hivyo, ishara ya volti 5 inayotoka kwa Arduino haina maana yoyote upande wa pili.

Sasa tenganisheni washukiwa. Hakikisheni kile kifuniko kidogo cheusi kipo juu ya ENA. (Kikiondolewa, ENA yataka waya kutoka pini yenye alama ya ~, na wengi husahau.) Chomoeni waya za ishara, kisha unganisheni IN1 na volti 5 za Arduino, IN2 na GND. Mota ikizunguka, bodi ni nzima na kosa liko kwenye programu. Aghalabu ni nambari ya pini iliyokosewa au pini isiyotangazwa kuwa ya kutoa. Isipozunguka, iguseni mota moja kwa moja na betri. Ikizunguka hapo, basi bodi au waya zake ndizo zenye hitilafu.

Lakini tafadhali, mwanao asiunganishe mota moja kwa moja na pini ya Arduino "kujaribu tu". Kikomo cha pini ile ni miliampia 40, na mota iliyokwama huvuta mamia. Harufu yake mimi naijua.

Na ikiwa gurudumu moja linaenda mbele na la pili linarudi nyuma, hakuna kilichoharibika: badilishaneni tu waya mbili za mota hiyo.